Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya biashara: majibu yetu yako wapi?

Kwenu wakuu wa vyuo na shule za biashara nchini, pamoja na Tume ya Vyuo Vikuu na wote mnaopanga masharti ya kupandisha wahadhiri vyeo.

YAH: MADODOSO TULIYOJAZA NA MAJIBU AMBAYO HAYAJARUDI

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi nina steshenari nje ya geti la chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Jina la chuo naliacha, maana walinzi wa geti lile ni wateja wangu na asubuhi lazima tusalimiane. Natoa kopi, nachapa, nafunika vyeti kwa nailoni, na kuanzia Agosti mpaka Novemba kazi kubwa ni kujaladi tasnifu: jalada gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni, nakala tatu au nne kwa kila mwanafunzi. Huu ni mwaka wa kumi na tatu.

Huwezi kujaladi kitu bila kukifungua. Lazima uhakikishe kurasa hazikuruka, ukurasa wa saini umo, jedwali halikulala kichwa chini. Ndivyo nilivyoanza kusoma, nusu ukurasa leo, nusu kesho, huku gundi inakauka. Wengi wa wateja wangu wanasomea biashara, kwa hiyo wanachoandika kinanihusu. Wanaandika juu ya watu kama mimi. Mara nyingine wanaandika juu yangu hasa, kwa sababu mwanafunzi anayesubiri kopi huchomoa dodoso kwenye mkoba na kusema, "Kaka, dakika kumi tu."

Dakika kumi hizo nimezitoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mada nazijua kwa moyo. Mchango wa mikopo midogo katika ukuaji wa biashara za wanawake, mfano wa Temeke. Mwaka unaofuata, mfano wa Ilala. Kisha Kinondoni. Ubungo ilipopewa manispaa yake, tukapata tasnifu moja zaidi. Idadi ya watu wa kuhojiwa inatafutwa kwa kanuni ya Yamane ya 1967, ambayo sasa naweza kuikokotoa hata usingizini. Na Sura ya Tano, ile ya mapendekezo, ni kama sala: Serikali itoe mafunzo kwa wajasiriamali, taasisi za fedha zipunguze riba, utafiti zaidi ufanyike. Amina.

Hapa niungame jambo. Dodoso la kwanza nililijaza kwa moyo wote. Palipouliza mtaji nilioanzia nilikwenda kutafuta daftari la zamani nisije nikadanganya. La tano nililijaza huku nahudumia wateja. Kufikia la ishirini nilikuwa natia alama ya vema kwenye kisanduku cha katikati, kile cha "sina uhakika", kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na kumrudishia kijana karatasi zake kabla mashine haijamaliza kutoa kopi. Miezi mitano baadaye tasnifu ile ikaletwa kwangu kujaladiwa. Nikatafuta jedwali. Nikakuta kutokuwa na uhakika kwangu kumepigiwa hesabu mpaka tarakimu tatu baada ya nukta.

Nilifanya hivyo kwa sababu hakuna dodoso hata moja lililowahi kunirudia na jibu. Juu ya kila moja pameandikwa kwamba taarifa zangu ni siri na kwamba utafiti huu ni "kwa madhumuni ya kitaaluma tu". Maneno hayo ya mwisho nilichukua miaka kuyaelewa. Maana yake ni kwamba hakuna kitakachotokea.

Wanafunzi nao wanajua. Yuko mmoja alikaa kwenye benchi langu mchana kutwa akiwa na kalamu tatu, bluu, nyeusi na ya risasi, anajaza madodoso yake mwenyewe, mengine kwa mkono wa kulia, mengine kwa wa kushoto. Wenyewe wanaita kupika data. Sikumkemea. Mimi na kisanduku changu cha katikati tulikuwa jiko moja na yeye. Na ukimsikiliza, ana hoja: nauli ya kwenda Mbagala mara sita inatoka mfukoni mwake, msimamizi wake ana wanafunzi wasiohesabika, na wote wanafahamu kwamba kitabu kile kitasomwa na watu watatu tu, yaani msimamizi, mtahini na mjaladi.

Waheshimiwa, msidhani naandika kuibeza elimu yenu. Ningekuwa naibeza nisingekuwa naisoma bure. Naandika kwa sababu hapa nje ya ukuta wenu kuna maswali magumu ya biashara, na ndani ya ukuta kuna watu wanaolipwa kuyajibu maswali ya biashara, na ukuta wenyewe si mrefu.

Nianze na jirani yangu wa kulia, wakala wa pesa za simu. Ana laini nne za mitandao tofauti na mtaji wa laki nane. Mwisho wa mwezi kila mtu anatoa, noti zinamwisha na floti, yaani salio la kwenye simu, imejaa kwenye laini. Chuo kikifungua, kila mzazi anatuma na kila mwanafunzi anaweka, noti zimejaa kwenye droo na floti imekwisha, tena imekwisha kwenye laini moja wakati nyingine tatu zina salio limelala. Kila anapomwambia mteja "hapo sina", mteja anakwenda kwa wakala wa ng'ambo ya barabara, na akishazoea huko harudi. Swali lake ni moja: laki nane azigawe vipi kati ya droo na laini nne, siku gani ya mwezi? Nimeona kwenye madaftari ya wanafunzi wenu kwamba kuna somo zima la namna ya kugawa akiba ya bidhaa usiishiwe wala usilaze mali. Linafundishwa hatua mia moja na ishirini kutoka kwenye kibanda chake. Nimezipiga.

Jirani wa kushoto ni mama lishe. Tasnifu zenu zinamfahamu. Yeye ndiye yule "mwanamke mjasiriamali mwenye uelewa mdogo wa masuala ya fedha" anayechukua mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Nilimsomea sentensi hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipigia hesabu ya mkopo wake wa mwisho, kiasi alichochukua, marejesho ya kila siku, ada ya fomu, na riba halisi kwa mwezi, bila kalamu, huku anakatakata vitunguu. Uelewa anao. Benki inamtaka barua ya serikali ya mtaa, dhamana, na wiki tatu za kusubiri. Yeye anajua saa tatu usiku kwamba kesho alfajiri anahitaji hela ya gunia la mchele, na kausha damu anapokea simu saa tatu usiku. Anachonunua kwa riba ile ni muda. Sasa muulizeni swali analoumia nalo: mchele ukipanda, apandishe bei ya sahani, apunguze ujazo, au abadili mchele? Wanafunzi wakiona nini kati ya hayo matatu ndio wanahama haraka zaidi? Mtu angeweza kulipima hilo kwa mwezi mmoja kwa kukaa tu na kuhesabu sahani.

Bodaboda wa kijiweni wanauliza kuhusu mkataba. Pikipiki ya mkataba dereva anapeleka hesabu kwa bosi kila siku mpaka chombo kiwe chake, na gharama yote ikijumlishwa anakuwa amelipa zaidi sana ya bei ya dukani. Wanajua. Wasichojua ni lini kukopa kwenye kikundi kunakuwa nafuu kuliko mkataba, ukiweka na siku za kuugua, siku za mvua, na siku trafiki wameamka vibaya. Hakuna tasnifu niliyoijaladi yenye swali hilo, na nimejaladi tasnifu za bodaboda. Zinahusu kofia ngumu.

Lakini kuna kitu nimekiokota, nacho kimo kwenye Sura ya Pili.

Sura ya Pili ndipo mwanafunzi anapoeleza wenzake wa dunia nzima wamegundua nini. Wengi wanaipita mbio kwa kunakili. Mimi naisoma taratibu, na nikikwama kwenye Kiingereza namshika mwenye kitabu anisaidie kabla sijampa mzigo wake. Mwaka mmoja nikakutana na aya mbili kuhusu wafanyabiashara wadogo wa Jamhuri ya Dominika, utafiti uliochapishwa 2014. Watafiti waliwagawa watu kwa bahati nasibu. Kundi moja likafundishwa uhasibu wa kawaida, ule wa vitabu na mizania. Kundi jingine likafundishwa kanuni nyepesi za mkononi: weka hela ya biashara droo moja na hela ya nyumbani droo nyingine, jilipe mshahara, na ukihamisha hela kutoka droo moja kwenda nyingine weka kikaratasi cha deni. Wale wa uhasibu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Wale wa droo mbili walibadilika, vitabu vyao vikakaa sawa zaidi.

Siku hiyo hiyo nikatafuta makopo mawili, la Africafe na la maziwa. Africafe ni duka, maziwa ni nyumbani. Nikajiwekea elfu kumi na tano kwa siku kama mfanyakazi wa kuajiriwa. Kila nilipochota kwenye Africafe kwa ajili ya nauli ya mtoto, vocha, au mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua vizuri, nikatumbukiza kikaratasi. Mwisho wa mwezi nikamwaga vikaratasi mezani. Kwa miaka nilikuwa nikiamini mashine ya kopi ndiyo inanila, inakula tona, inakula rola, inakula fundi. Kumbe mlaji nilikuwa mimi. Duka lilikuwa linapata faida muda wote.

Hiyo ni elimu ya biashara. Kuielewa kulinichukua muda mfupi kuliko kujaza dodoso. Lakini tazameni njia iliyopitia kunifikia: imetoka visiwa vya Karibi, ikaenda kwenye jarida la wachumi la Marekani, ikaingia kwenye kompyuta ya kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kujaza kurasa, ikaja kwenye meza yangu, na nikaiona kwa sababu gundi ilikuwa mbichi.

Baada ya hapo nikawa mwindaji. Nimeokota nyingine ya Dandora, Nairobi, iliyochapishwa 2018. Hapo walikuwa wanawake wenye biashara changa. Baadhi wakapelekwa darasani kufundishwa biashara. Baadhi wakaunganishwa na mwanamke mzoefu wa biashara wa hapo hapo mtaani, wakawa wanakutana na kuzungumza kwa wiki kadhaa. Darasa halikuongeza faida. Mama wa mtaani aliongeza faida kwa kama asilimia 20, na sehemu kubwa ya siri ilikuwa ndogo kabisa: alimwonyesha mwenzake mahali pa kununulia mali kwa bei nafuu. Walipoacha kukutana, faida ikarudi chini. Mama lishe nilipomsimulia hakucheka safari hii. Alisema kila alichonacho alionyeshwa na mwanamke mmoja wa Tandale ambaye sasa ni marehemu, na kwamba hakuna mtu wa chuo aliyewahi kumuuliza habari za mwanamke huyo.

Iko ya mafundi cherehani wa Accra. Walipewa washauri wa biashara kutoka kampuni kubwa ya kimataifa. Mafundi wakafuata ushauri kwa muda, kisha ilipofika kama mwaka wakarudi kwenye mambo yao ya zamani, na faida haikuwa imepanda. Huo ndio utafiti ninaouheshimu kuliko wote, kwa kuwa walikubali kuandika kwamba jambo lao halikufaulu. Iko ya Lomé, Togo, ya 2017, yenye wafanyabiashara 1,500, ambapo mafunzo ya kujenga uthubutu na kutangulia wenzako yaliinua faida kwa asilimia 30, wakati mafunzo ya biashara ya kawaida hayakuonyesha badiliko la kutegemewa.

Na iko yetu wenyewe. Watafiti kutoka shule ya uchumi na biashara ya Bergen, Norway, walifanya kazi hapa hapa Dar es Salaam na wateja wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo. Wengine walipewa mafunzo yaliyoendeshwa na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine wakapewa ruzuku ya fedha. Matokeo yalichapishwa 2015. Mafunzo yaliwasaidia wanaume waziwazi. Kwa wanawake athari ilikuwa hafifu.

Soma sentensi hiyo tena, Mheshimiwa, ukiwa umekaa kwenye kiti changu. Katika jiji hili hili, kwa watu wa jiji hili, imepimwa kwamba mafunzo pekee hayamsaidii mama kama yanavyomsaidia baba. Tangu 2015 mpaka leo nimejaladi tasnifu ngapi za wanawake wajasiriamali ambazo Sura ya Tano yake inasema "Serikali itoe mafunzo"? Sura ya Pili na Sura ya Tano zimelala kwenye jalada moja na hazisalimiani.

Nilimuuliza mama lishe kwa nini anadhani ilikuwa hivyo. Alijibu kwamba mwanamume akipata faida inakwenda kwenye biashara, yeye akipata faida inakwenda kwenye ada, daftari na dawa ya mama mkwe, na asubuhi anaanza tena na mtaji ule ule. Sijui kama wale wa Bergen wangekubali. Najua kwamba jibu lake lilistahili kuandikwa na mtu, na hakuna aliyeliandika.

Nasikia mnaniambia kwamba majarida hayo ni ya Kiingereza kwa sababu sayansi ni ya dunia nzima. Sawa, yabaki hivyo. Mhadhiri na aandike Bergen na Chicago wamwelewe. Lakini tangu 2021 sheria za nchi yetu na mahakama zetu zimeelekezwa kutumia Kiswahili. Ikiwa hukumu ya kesi ya ardhi inaweza kuandikwa kwa lugha anayoielewa mwenye ardhi, matokeo ya utafiti wa genge yanashindwaje kuandikwa kwa lugha ya mwenye genge? Dodoso mnaweza kulitafsiri. Nimechapa mamia ya madodoso ya Kiswahili. Kiswahili kinatumika kwenda kuchukua. Kwenye kurudisha kinapotelea wapi?

Kosa halikuanzia kwetu, najua. Marekani mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili, zilizogharimiwa na mifuko ya Ford na Carnegie, zikizisema shule za biashara kwamba zimekuwa kama shule za ufundi zisizo na sayansi. Zilikuwa na haki kwa wakati wao. Shule zikajirekebisha, zikaajiri wataalamu wa hesabu na nadharia, na kwa miaka mingi zikaenda mbali kiasi kwamba maprofesa wakawa wanaandikiana wao kwa wao. Sisi tulianza kwa njia nyingine. Chuo cha Ushirika Moshi kilipofunguliwa 1963 na Chuo cha Elimu ya Biashara 1965, nchi ilikuwa inatafuta watu wa kushika vitabu vya vyama vya ushirika na kuendesha maduka. Kisha taratibu tukaiga hata yale ambayo wenzetu walikuwa wameanza kuyalalamikia.

Mei 2023 Kariakoo ilifungwa. Mnakumbuka. Wafanyabiashara waligoma kwa sababu ya kamatakamata ya kodi na agizo la kusajili stoo, Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Nilikuwepo, sikuwa na karatasi za kuuza maana rimu zangu zinatoka Kariakoo. Watu walishika maikrofoni mmoja mmoja wakaeleza biashara inavyoendeshwa kweli: mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye, mawinga wanaowatafutia maduka wateja, kilemba kinacholipwa ili upate fremu ya duka, mzigo wa China unaochangiwa na watu kumi kwenye kontena moja wakati karatasi ya forodha ina jina moja, na tatizo la risiti linaloanzia hapo. Ilikuwa mihadhara bora ya biashara niliyowahi kuihudhuria. Vyuo viwili vikubwa vinavyofundisha biashara na fedha viko mwendo wa miguu kutoka viwanja vile. Nilisubiri siku zile kumsikia profesa mmoja akisema, "Hili la kontena tulilipima, jibu lake ni hili." Sikumsikia. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, nikasubiri tena.

Nawaelewa wahadhiri. Wananiletea makala zao kuchapa, na tunaongea. Mmoja aliniambia wazi kwamba akikaa miezi sita sokoni kumsaidia wakala kugawa floti, kwenye fomu ya kupanda daraja hakuna mstari wa kuandika hilo. Akitoa makala mbili kwenye jarida ambalo wakala hatalisikia milele, mstari upo na alama zipo. Ana watoto wanne. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Hapo, waheshimiwa, ndipo penye kufuli, na funguo mnazo nyie, hana mhadhiri wala mwanafunzi. Uingereza, ambako hatuchelewi kuiga mambo mengine, katika tathmini ya vyuo ya 2014 waliamua kwamba asilimia 20 ya alama zitatokana na manufaa ambayo utafiti umeleta nje ya chuo, na katika tathmini ya 2021 wakapandisha kuwa asilimia 25. Nasikia wanalalamika kwamba inaongeza makaratasi. Mimi nauza karatasi, sina neno.

Ninachoomba kinachapika. Kabla tasnifu haijaletwa kujaladiwa, iwe na karatasi mbili za Kiswahili mbele, zinazosema tuliuliza nini, tumepata nini, na mtu afanye nini kesho asubuhi akifungua biashara. Kama hakuna cha kufanya kesho asubuhi, ziseme hivyo, kama walivyosema wale wa Accra. Karatasi hizo zisomwe pale pale madodoso yalipojazwa, na mwenyekiti wa soko au wa kijiwe agonge muhuri kwamba zimesomwa. Mnadai saini ya msimamizi, ya mkuu wa idara na ya maktaba. Ya mwenyekiti wa soko haitauumiza ule ukurasa. Mtu akijua atasimama mbele ya mama lishe na majedwali yake, kalamu tatu hazitamfaa kitu. Na mimi nikijua atarudi, sitaweka vema kwenye kisanduku cha katikati.

Na kabla wanafunzi hawajachagua mada, tokeni. Siku moja kwa mwaka inatosha kuanzia. Wekeni meza sokoni, standi, kiwandani, kwenye kijiwe, mwandike maswali tuliyonayo, muyabandike kwenye ubao wa idara. Mwanafunzi anayekosa mada, na wengi wanazikosa, nawaona wanavyohangaika na mada za mwaka jana hapa kwenye benchi, aanzie hapo. Walioajiriwa nao wana yao: msichana wa kaunta anayelipwa kwa kamisheni, mlinzi wa zamu za saa kumi na mbili, karani ambaye bosi wake amerudi kutoka semina na neno jipya. Hao hawagomi kama Kariakoo, kwa hiyo hata hiyo maikrofoni hawajawahi kuishika.

Suala la fomu ya kupanda daraja nawaachia wenyewe, ila mstari mmoja tu mkiuongeza nitaujua, maana fomu hizo nachapa mimi.

Karatasi mbili za Kiswahili nitazichapa kwa bei ya karatasi na tona, mwaka mzima, kwa mwanafunzi wa chuo chochote atakayezileta. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa nne usiku, Jumapili nusu siku. Na wakala wa pesa hapa jirani amesikia naandika barua, ameniomba niongeze kwamba kama yupo kijana anayetafuta mada, yeye yuko tayari kuhojiwa hata leo, daftari lake la miezi kumi na nne analo. Laini nne, laki nane.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye steshenari, nje ya geti.